Draivu ya Z Inapokwama: Tafuta Ugonjwa Ndani ya Jengo Kwanza

Mombasa tumezoea kulaumu bahari. Nyaya za intaneti zinazohudumia nchi hii zinatua kwenye pwani yetu: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine baadaye. Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika upande wa Afrika Kusini, hata muuza kahawa alikuwa na maelezo ya kwa nini simu yake inazunguka tu. Sasa faili la Excel likichelewa kufunguka ofisini, karani hajisumbui kufikiri. "Fundi, ile kebo ya baharini imekatika tena."

Draivu ya Z, yaani ile folda ya pamoja inayokaa kwenye seva (kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima), haipiti baharini. Inatoka kwenye kompyuta yako, inaingia kwenye kebo ya ukutani, inafika kwenye swichi (kile kisanduku kinachounganisha kebo zote za ofisi), kisha inaingia kwenye seva iliyo chumba cha pili chini ya meza ya mhasibu. Unaweza kuchomoa intaneti yote ya ofisi na Z ikaendelea kufunguka. Kwa hiyo ikiwa nzito, ugonjwa uko ndani ya jengo, na mara nyingi unashikika kwa mkono.

Ninawaandikia wenye ofisi ndogo za hapa kwetu: wakala wa forodha mwenye kompyuta kumi ghorofa ya pili, kliniki, duka la vipuri lenye stoo Shimanzi na hesabu mjini. Nachukulia kwamba kompyuta ni za Windows 10 au 11, na mafaili yako kwenye seva moja au kwenye kile kisanduku cha diski watu wanachokiita NAS. Sharti langu ni moja: usibadilishe kitu kabla hujapima. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja na draivu ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo ikirudi utaanza upya.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa

Uzito una sura tofauti, na kila sura ina chanzo chake. Muulize mwenye kompyuta:

Ni wewe peke yako au ofisi nzima? Ikiwa ni mmoja, shughulika na kompyuta yake na kebo yake. Ikiwa ni wote, nenda moja kwa moja kwenye swichi na seva.

Inachelewa kufunguka mara ya kwanza tu, halafu inakimbia? Hapo shida ni ya jina, nywila au muunganisho uliolala. Ikiwa inakokota muda wote, hata katikati ya kunakili, shida ni ya njia au ya diski.

Inakuwa nzito saa fulani? Saa nne asubuhi kila siku, kwa mfano. Hiyo nitaieleza nikifika kwenye seva.

Ilianza lini, na siku hiyo kulitokea nini? Swali hili watu hulijibu vibaya mpaka uwasaidie. Usiulize "mlibadilisha kitu?" kwa sababu jibu ni hapana daima. Uliza kama kuna printa mpya, kamera mpya, meza iliyosogezwa, umeme uliokatika, au kijana aliyekuja kurekebisha intaneti.

Hatua ya 2: Tazama draivu zilizokufa

Fungua menyu ya Start, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

net use

Utaona orodha ya herufi zote na folda zinakoelekea. Angalia safu ya kwanza. Palipoandikwa OK ni pazima. Palipoandikwa Disconnected mara nyingi hapana neno, muunganisho umelala tu. Palipoandikwa Unavailable ndipo pa kutiliwa shaka: Windows inaitafuta seva hiyo na haiipati.

Ofisi nyingi zina herufi moja au mbili zinazoelekea kwenye seva iliyouzwa zamani, au kwenye kompyuta ya mtu aliyeacha kazi. Kila unapofungua File Explorer, Windows hujaribu kuibishia hodi na hungoja jibu lisilokuja. Wewe unaona Z nzito, kumbe anayeingojesha ni Y. Ifute:

net use Y: /delete

Angalia pia upande wa kushoto wa File Explorer, pale kwenye folda za haraka. Njia ya mkato inayoelekea kwenye seva iliyokufa huleta kero ileile. Ibofye kwa kitufe cha kulia uiondoe. Kati ya dawa zote za mwongozo huu, hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, na inashangaza ni mara ngapi inatosha.

Hatua ya 3: Jina au njia?

Sasa tunatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuitafuta seva na kusafirisha mafaili. Tuseme seva inaitwa SEVA, anwani yake ni 192.168.1.10, na folda ni hati. Kwenye File Explorer, pale juu, andika kwanza:

\\192.168.1.10\hati

Halafu funga, na uandike:

\\SEVA\hati

Ikiwa kwa anwani inafunguka papo hapo na kwa jina inangoja, njia ni nzima. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui jina SEVA ni nani, na inabidi ipige kelele mtandao mzima ikiuliza.

Chanzo cha kawaida hapa ni yule kijana wa intaneti niliyemtaja. Alikuta kurasa hazifunguki, akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta akaweka DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) ya 8.8.8.8, kurasa zikafunguka, akalipwa akaenda zake. DNS hiyo ni ya Google, inajua majina ya dunia nzima isipokuwa la seva yako. Kama ofisi yenu ina seva ya domeni, ile inayosimamia majina na nywila za ofisi nzima, kompyuta lazima ziulize DNS ya seva hiyo, na seva yenyewe ndiyo iulize nje. Tazama ilivyowekwa kwa kuandika ipconfig /all, kisha rudisha inavyotakiwa.

Chanzo cha pili ni umeme. Ukikatika na kurudi, rauta hugawa anwani upya, na seva iliyokuwa 10 inaamka ikiwa 23. Seva ipewe anwani isiyobadilika, ama ndani ya seva yenyewe au kwa kuihifadhia nafasi kwenye rauta. Na ukishapata UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya seva, chomeka swichi na rauta humo pia. Seva inayowaka huku swichi imezimwa haimsaidii mtu.

Jaribio la anwani liishie kuwa jaribio. Usihamishe draivu za ofisi nzima ziende kwa namba, maana siku anwani ikibadilika utazizungukia zote.

Kama njia zote mbili zinachelewa mara ya kwanza tu, angalia nywila zilizohifadhiwa. Andika Credential Manager kwenye Start, fungua sehemu ya Windows, na ufute jina la seva ambalo nywila yake ilishabadilika. Na kama kero ni alama nyekundu ya X inayotokea baada ya chakula cha mchana, hiyo ni tabia ya Windows: seva hukata muunganisho usiotumika baada ya dakika 15. Ukitaka isikate, fungua cmd kwenye seva kama msimamizi, uandike:

net config server /autodisconnect:-1

Hatua ya 4: Pima njia

Kutoka kwenye kompyuta yenye shida:

ping -n 50 192.168.1.10

Kwa kebo, karibu kila jibu liwe chini ya milisekunde 1, na mwishoni Lost iwe 0. Ikiwa hata jibu moja au mawili kati ya 50 yamepotea, acha kila kitu ushughulike na hilo. Mtandao unaopoteza pakiti (vipande vya data) mbili katika kila mia unatosha kabisa kuvuta WhatsApp bila mtu kugundua, lakini kwenye kunakili mafaili utauona ukisimama na kwenda, kusimama na kwenda.

Halafu pima kasi ya kiungo. Fungua PowerShell, andika:

Get-NetAdapter

Tazama safu ya LinkSpeed. Ikiwa 1 Gbps, unaweza kutegemea kunakili hadi kama megabaiti 110 kwa sekunde. Ikiwa 100 Mbps, mwisho wako ni 11 au 12. Ikiwa 10 Mbps, ni moja tu na ushei, na hapo faili la picha zilizoskaniwa litafunguka wakati chai imeshapoa.

Kompyuta mpya na swichi mpya zikionyesha 100 badala ya 1000, nenda kwenye kebo. Sababu ni hii: ndani ya kebo kuna nyaya nane, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nne. Waya mmoja ukikatika kati ya zile nyingine, kompyuta na swichi zinakubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, taa inaendelea kuwaka, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Chomoa kichwa cha kebo ukitazame kwenye mwanga. Hapa pwani hewa ina chumvi na unyevunyevu, na ofisi inayofunguliwa madirisha kutwa nzima haiko salama. Vile vipande vinane vya shaba mwishoni vinatakiwa ving'ae rangi ya dhahabu. Ukiona weusi, au ule ukungu wa kijani pembeni, usisugue kwa pini. Kata kichwa, bana kipya. Tazama tundu la ukutani pia, maana lina vipande vyake nalo, na kwa kuwa liko chini karibu na sakafu, maji ya kupigia deki hulifikia.

Kagua na kebo yenyewe. Ya bei ya kutupa mara nyingi si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba. Kata kipande, kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini. Inakatika ikikunjwa, na kwa safari ndefu ya ukutani haifai. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, na usizidishe mita 100 toka mwisho hadi mwisho.

Mambo mawili ya haraka kuhusu swichi. Ofisi iliyokua bila mpango huwa na swichi ndogo chini ya kila meza, moja imechomekwa kwenye nyingine. Ile ya zamani ya megabiti 100 iliyo katikati ndiyo inayowapangia kasi wote walio nyuma yake. Na hakikisha hakuna kebo iliyotoka kwenye swichi ikarudi kwenye swichi ileile. Hiyo inaangusha ofisi nzima, na kwa kawaida huletwa na mtu mwenye nia njema aliyeona kichwa kinaning'inia akakichomeka. Kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, sehemu ya Speed & Duplex, acha Auto Negotiation. Aliyelazimisha kasi upande mmoja tu wa kebo amejitafutia ugomvi.

Waifai sitaizungumzia sana. Kwa barua pepe ni nzuri. Kwa mfumo wa hesabu unaokaa kwenye draivu ya mtandao, vuta kebo. Kuta za matumbawe za majengo ya Mji wa Kale ni nene, na ishara ikivuka mbili za namna hiyo inafika imechoka.

Hatua ya 5: Faili moja kubwa, kisha madogo mengi

Chukua faili moja kubwa, gigabaiti moja au zaidi, ambalo halijaguswa leo. Lazima liwe halijaguswa, kwa sababu lililofunguliwa asubuhi seva italitoa kwenye kumbukumbu yake na kukudanganya kwamba diski ina kasi. Nakili kwa amri inayokuandikia kasi mwishoni:

robocopy Z:\jaribio C:\jaribio kubwa.iso

Halafu nakili folda yenye mafaili madogo mengi, kama 2,000 ya hati zilizoskaniwa. Ikiwa kubwa linakwenda kasi ya kiungo chako na madogo yanatambaa, kebo haina kosa. Kila faili, hata liwe dogo namna gani, linahitaji maswali na majibu kadhaa na seva: lipo? nina ruhusa? fungua, soma, funga. Ni kama karani anayevuka Likoni kwa feri akiwa na karatasi moja mkononi, anarudi, anachukua ya pili.

Dawa yake ni kupunguza safari. Hati za shehena zilizokwisha zifungwe kwenye zip moja kwa kila mwezi. Folda yenye mafaili makumi elfu igawanywe kwa mwaka na mteja. Kisha zima picha ndogo za mafaili: kwenye File Explorer fungua Options, sehemu ya View, weka alama kwenye "Always show icons, never thumbnails". Folda ikifunguliwa bila hiyo, Windows huanza kusoma kila PDF na kila picha ili ikuchoree sura yake. Bofya pia folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Customize, uchague "General items". Watu wengi hulipia seva mpya kabla hawajajaribu haya.

Hatua ya 6: Sasa seva

Ikiwa faili kubwa nalo linatambaa kwa kila mtu na kebo ni nzima, kaa mbele ya seva saa ile ya malalamiko. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, utazame diski. Ikiwa imesimama kwenye asilimia 100 huku inasoma megabaiti chache tu, ama kuna kazi nyingine inaila, ama diski inakufa.

Kazi nyingine kwanza. Saa nne asubuhi niliyoitaja huwa ni nakala rudufu iliyopangwa saa ya kazi badala ya usiku, au antivirusi inayokagua diski nzima, au programu ya kupeleka mafaili kwenye wingu iliyoambiwa ichukue folda yote ya ofisi. Zihamishie usiku. Antivirusi usiizime, mwambie msimamizi aondoe kwenye ukaguzi folda ya kanzidata ya hesabu peke yake, ikiwa mtengenezaji wa programu hiyo anashauri hivyo.

Kuhusu diski, fungua Event Viewer, Windows Logs, System. Ukikuta namba 7 au 153 kutoka kwa disk zikijirudia, usiendelee na mwongozo huu. Toa nakala ya data leo, halafu nunua diski. Kama mafaili yanakaa kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwa USB 2.0, hutapita megabaiti 40 hivi kwa sekunde hata ukibadilisha nyaya za jengo zima. SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwa hati zinazotumika kila siku ndiyo fedha inayorudi haraka kuliko zote hapa.

Kama "seva" yenu ni kompyuta ya kawaida ya Windows 10 au 11, ina kikomo cha miunganisho 20 kwa wakati mmoja. Ofisi ya watu kumi na nne yenye printa zinazoskani kwenda kwenye folda na kamera zinazohifadhi humohumo hufika hapo bila kujua, na wanaochelewa asubuhi wanakataliwa mlangoni.

Visanduku vya zamani vya NAS vina jambo lao. Fungua PowerShell kama msimamizi kwenye kompyuta ya kawaida, ukiwa umefungua Z:

Get-SmbConnection

Safu ya Dialect ikionyesha namba inayoanza na 3, vizuri. Ikianza na 1, mnatumia lugha ya kale ambayo virusi vya WannaCry vilipitia Mei 2017, na ambayo Windows mpya haiiweki tena bila kuombwa. Mtu akikushauri uiwashe ili kisanduku kifunguke, kataa. Sasisha programu ya kisanduku, na kama mtengenezaji ameshaacha kuisasisha, kibadilishe. Windows 11 toleo la 24H2 la ofisini nalo linataka kila mazungumzo yatiwe sahihi na halikubali kuingia bila nywila, kwa hiyo kisanduku dhaifu kitapungua kasi, na kilichowekwa wazi bila nywila kitagoma kabisa. Kiwekee nywila.

Hatua ya 7: Anayefungua Z akiwa mbali

Hapa peke yake ndipo intaneti inaingia, maana tawi la Nairobi au bosi aliye nyumbani Nyali anafika kwenye seva kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Piga ping akiwa huko. Tuseme jibu linachukua milisekunde 20. Folda ya mafaili 2,000, kila moja likihitaji safari tano, ni safari 10,000. Kwa milisekunde 20 kila moja, hizo ni sekunde 200 za kungoja kabla hujahesabu data yenyewe. Kununua intaneti yenye megabiti mara mbili hakupunguzi hata sekunde moja ya hizo, kwa sababu umbali haukubadilika. Muuzaji hatakwambia hivyo.

Kwa hiyo usimfungulie mtu wa mbali draivu ya Z. Mpe kompyuta ya ofisini aiendeshe kutoka mbali kupitia Remote Desktop ya Windows ndani ya VPN: mafaili yanabaki Mombasa, kwake inakwenda picha ya kioo tu. Na mlango wa 445, ule wa folda za kushirikiana, usifunguliwe kwenye rauta kuelekea nje kwa hali yoyote, hata akikuahidi ni kwa siku moja tu.

Kama analazimika kupata mafaili yenyewe, mtengee folda ndogo ya kazi za wiki hiyo, isawazishwe na kompyuta yake usiku, na faili la hesabu lisiwe mojawapo. Wawili wakilihariri kila mmoja kwake, asubuhi utakuta nakala mbili na hakuna ajuaye ipi ndiyo ya kweli.